Herufi Mbili na Tarakimu Tatu: Historia ya Kidukari Sufu na Mizizi ya Mitufaha

Likizo ya mwaka jana nilirudi nyumbani katika milima ya Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, nikamkuta babu yangu ameketi ukingoni mwa shamba lake la matufaha, panga likiwa magotini. Babu ana mitufaha 40, iliyopandwa katika mistari minne kwenye matuta ya mlimani. Katika mistari miwili ya juu, matawi yalikuwa yamefunikwa na kitu cheupe kama pamba. Nilipokisugua kwa kidole gumba, kidole kilibaki na doa jekundu, kana kwamba nimejikata.

Sisi huzungumza Kiga nyumbani. Maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili. Aliniambia: "Mjukuu wangu, mistari ya juu inakufa. Ile ya chini ina pamba kidogo tu. Yote ni Anna. Niliipanda mimi, naipogoa kwa mkono huu huu. Wewe si unasoma historia? Nieleze." Kisha akaongeza kwamba mvua za Machi zikifika bila jibu, ataifyeka mistari yote minne apande viazi.

Mwanzoni nilicheka. Niliona swali hilo ni la bwana shamba, si la mwanafunzi wa historia na Kiswahili. Lakini sikuweza kucheka kwa muda mrefu, kwa sababu karo yangu ya mwaka wa kwanza ilitoka katika mitufaha hiyo. Jioni bibi akatoa kopo la biskuti ambamo wao huhifadhi karatasi za nyumbani. Ndani mlikuwa na stakabadhi mbili za miche. Ya kwanza, ya mistari ya juu, iliandikwa kwa mkono: "Anna, miche 20." Ya pili, iliyotangulia kwa mwaka mmoja hivi, iliandikwa: "Anna/MM106, miche 20." Nilimuuliza babu maana ya MM106. Akasema alidhani ni alama ya muuzaji, pengine ya bei.

Insha hii ni jaribio langu la kueleza herufi hizo mbili na tarakimu hizo tatu. Hoja yangu ni kwamba kilichoamua mti upi upone na upi uteseke katika shamba la babu hakikuwa aina ya tunda. Ilikuwa aina ya mzizi, na mzizi huo una historia ya zaidi ya miaka 200 ambayo haikuandamana na miche ilipofika kwetu.

Kabla ya kuendelea, ni vema tuelewane kuhusu tunda lenyewe. Neno tufaha lilitoka katika Kiarabu, na katika pwani ya Afrika Mashariki mara nyingi hutajwa kwa tunda jingine kabisa, lile jekundu lenye maji mengi linaloota kwenye joto. Mimi nazungumzia tufaha la nchi za baridi, ambalo wengi sokoni huliita epo. Mti wake huhitaji kipindi cha baridi ili uamke na kuchanua vizuri. Ndiyo maana aina nyingi za Ulaya hazifanyi vizuri karibu na Ikweta. Anna ni tofauti. Ilizalishwa Israeli na Abba Stein katika kibbutz ya Ein Shemer, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1959, nayo huhitaji baridi kidogo tu. Milima ya Kigezi ilipoanza kupandwa matufaha kwa ajili ya soko, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Anna ilikuwa miongoni mwa aina zilizoletwa. Wakulima wakajifunza kuyapukuta majani kwa mkono ili mti udanganyike kwamba msimu wa baridi umepita.

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba mbegu ya tufaha haimzai mama yake. Ukipanda mbegu ya Anna, utapata mti mwingine kabisa, mara nyingi wenye matunda madogo na makali. Kwa hiyo kila mti wa Anna duniani ni kipande cha mti mwingine wa Anna, kikonyo kilichobebeshwa juu ya shina la mti tofauti. Mtufaha wa shambani, basi, ni miti miwili iliyoungana: juu kuna aina tunayoila na kuitaja kwa jina, chini kuna shina na mizizi ya aina nyingine. Sokoni tunauliza jina la ile ya juu tu.

Sasa tumgeukie mdudu. Ile pamba si ukungu wala kuvu. Ni nyuzi za nta zinazotolewa na mdudu mdogo wa jamii ya vidukari, aitwaye kitaalamu Eriosoma lanigerum. Neno la pili lina maana ya mbeba sufu, nami nitamwita kidukari sufu. Hufyonza utomvu kwenye magome laini, kwenye makovu ya kupogoa na hasa kwenye mizizi. Mahali anapofyonza, mti huvimba ukafanya vinundu, na mizizi yenye vinundu haipitishi maji na chakula kama inavyopaswa. Doa jekundu nililoliona kidoleni ni maji ya mwili wake. Wajerumani walimwita Blutlaus, yaani chawa wa damu.

Asili yake ni Amerika Kaskazini. Huko ana maisha ya nyumba mbili: wakati wa kiangazi hukaa kwenye mitufaha na miti ya jamaa yake, na majira ya baridi yanapokaribia baadhi huota mabawa na kuhamia kwenye mti mkubwa wa msituni, Ulmus americana, ambako hutaga mayai. Alipotoka Amerika aliuacha mti huo nyuma, lakini hakushindwa. Majike huzaa majike wengine bila dume na bila mayai, mwaka hata mwaka, juu ya mtufaha ule ule. Mdudu mmoja aliyejificha kwenye mzizi wa mche mmoja anatosha kuanzisha ukoo mzima katika nchi mpya.

Ndivyo ilivyotokea Uingereza. Joseph Banks, aliyekuwa rais wa Royal Society, alichunguza chanzo cha tatizo hilo na kuandika kwamba mdudu alionekana kwanza mwaka 1787, katika kitalu kimoja cha Sloane Street, London. Kwangu mimi hili ndilo jambo la kwanza la kusikitisha katika historia hii: mlango wake haukuwa msitu wala upepo, bali kitalu, mahali pale pale ambapo mkulima huenda kununua mche safi. Kutoka vitaluni alisambaa na biashara ya miche. Waingereza wakamwita baa la Kimarekani, na baadaye alifika karibu kila nchi inayolima matufaha. Kila taifa lilikuwa tayari kumpa mdudu uraia wa jirani. Ni wachache walioulizana nani aliyembeba.

Wakulima walijaribu kumpaka mafuta, sabuni na kila aina ya maji makali. Lakini baadhi yao walikuwa wakiangalia kitu kingine: miti ambayo mdudu haigusi. Mwaka 1831 mtaalamu wa bustani George Lindley alichapisha kitabu kiitwacho A Guide to the Orchard and Kitchen Garden. Humo alieleza kuhusu tufaha la jimbo la Norfolk liitwalo Winter Majetin, akabainisha kwamba kidukari sufu halishambulii. Haya ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa duniani kuonyesha kwamba aina moja ya zao inaweza kumkinza mdudu huku nyingine za jamii ile ile zikiliwa.

Hapa nataka kuwa mwangalifu na lugha. Vitabu vingi husema mdudu "anapendelea" aina fulani za matufaha, nami nimeanza insha hii nikifikiri hivyo. Lakini kidukari sufu hapiti sokoni akionja. Wengi wao hawana mabawa. Hutambaa au hupeperushwa mahali walipoangukia. Wakiangukia kwenye Winter Majetin hawastawi, na ukoo unakatika. Wakiangukia kwenye aina dhaifu huzaana. Sisi tunaotazama kwa mbali, tukiona mti mmoja mweupe na mwingine msafi, ndio tunaosema amechagua. Tofauti hii ina maana kwa mkulima: aina inayokinza haimfukuzi mdudu kutoka kijijini. Inamnyima nyumba tu.

Aina ya pili iliyojulikana kwa ukinzani huo ilitoka katika nchi ya mdudu mwenyewe, na hadithi yake ni ya bahati tupu. Karibu mwaka 1800 mkulima aitwaye Heman Chapin alipanda mbegu za tufaha huko East Bloomfield, jimbo la New York, mbegu alizozileta kutoka Salisbury, Connecticut. Mche mmoja ulikufa kabla haujazaa hata tunda moja. Lakini chini ya shina lililokufa yalikuwa yamechipuka machipukizi. Roswell Humphrey aliyachukua, akayapanda, na ndiye aliyeona matunda ya kwanza. Aina hiyo ikaitwa Northern Spy. Kama machipukizi yale yangekatwa na kutupwa, jambo ambalo kila mkulima nadhifu hulifanya, insha hii isingekuwa na sehemu inayofuata.

Northern Spy ilipandwa kwanza kwa ajili ya tunda lake. Walioitumia kwa namna mpya ni wakulima wa Australia na New Zealand katika nusu ya pili ya karne ya 19. Mdudu alikuwa akiiangamiza mitufaha yao kupitia mizizi, ambako dawa haifiki. Wakafikiri hivi: kama tatizo ni mzizi, kwa nini tusibadilishe mzizi na kuacha tunda lile lile? Wakaotesha Northern Spy kama shina la chini, wakabebesha juu yake aina walizotaka kuuza. Karibu katika kipindi hicho hicho Wafaransa walikuwa wakiyaokoa mashamba yao ya zabibu kwa njia kama hiyo, kwa kubebesha mizabibu yao juu ya mizizi ya Kimarekani inayomstahimili mdudu filoksera. Katika matukio yote mawili, Amerika ilileta ugonjwa na pia dawa.

Lakini Northern Spy haikuwa shina kamilifu. Si rahisi kuiotesha kwa wingi, na haikufaa kila udongo. Ndipo wanasayansi wakaingia. Kituo cha utafiti cha East Malling, katika jimbo la Kent, kilianzishwa mwaka 1913, na kazi yake ya mwanzo chini ya Ronald Hatton ilikuwa kupanga mashina ya mitufaha yaliyokuwa yamechanganyika vitaluni kwa majina ya ovyo. Yalipewa herufi M, ya Malling, na namba. Kituo kingine, John Innes Horticultural Institution, kilikuwa Merton, kusini mwa London. Kuanzia mwaka 1917 kazi ya kuzalisha mashina yenye ukinzani ilianza, kwa kuichanganya Northern Spy na mashina mengine, ikiwalenga hasa wakulima wa Australia na New Zealand waliohitaji mizizi ambayo mdudu hawezi kuila. Mwaka 1952 mfululizo wa mashina mapya ulitolewa. Uliitwa Malling-Merton, kwa kifupi MM, na namba zake zilianza 101. Namba 106 ni mtoto wa Northern Spy na M.1.

Nilipofika hapa katika usomaji wangu niliweka kalamu chini. Ile iliyodhaniwa kuwa alama ya bei, kwenye karatasi iliyokaa miaka yote hiyo katika kopo la biskuti la bibi, ilikuwa majina ya vijiji viwili vya Uingereza, na nyuma yake kulikuwa na chipukizi la mti uliokufa New York. Jibu la swali la babu lilikuwa limeandikwa miaka mingi kabla hajaliuliza, na alilihifadhi mwenyewe bila kujua kwamba ni jibu.

Hata hivyo mwanahistoria hapaswi kufurahia hati kabla ya kuipima. Miche ya mistari ya juu niliambiwa ilibebeshwa juu ya mashina yaliyooteshwa kwa mbegu, na kila mbegu ni bahati nasibu. Lakini huenda tofauti ilitokana na udongo, au upepo unaopiga tuta la juu. Nilirudi shambani na jembe dogo, nikamwomba babu tuchimbue mizizi ya mti mmoja kutoka kila upande. Mti wa juu ulikuwa na mizizi yenye vinundu kama tangawizi, na katika mikunjo yake mlikuwa na sufu nyeupe. Mti wa chini ulikuwa na mizizi laini, isiyo na kinundu hata kimoja, ingawa juu ya matawi yake palikuwa na pamba kidogo. Tulirudia kwa miti mingine miwili, tukaona hali ile ile.

Pamba hiyo kidogo ya matawini ilimfanya babu atilie shaka, na ilikuwa haki yake. Maelezo ni kwamba ukinzani wa shina la chini haupandi hadi kwenye kikonyo. Anna hubaki Anna, na mdudu anaweza kuifyonza. Lakini mizizi inapokuwa salama, hana ghala la chini ya ardhi la kujificha na kurudi kupanda mtini, na mti una nguvu za kuvumilia. Kwa sehemu ya juu, historia ina mshirika mwingine: nyigu mdogo mno, Aphelinus mali, ambaye hutaga yai ndani ya kidukari. Alipelekwa New Zealand kutoka Amerika mwaka 1921 kwa juhudi za R. J. Tillyard wa Cawthron Institute, na baadaye nchi nyingi zikamchukua. Kidukari aliyeshambuliwa naye huwa mweusi, mkavu, mwenye tundu mgongoni. Lakini nyigu huyo hafanyi kazi vizuri chini ya udongo. Ndiyo maana mzizi na nyigu wamekuwa wakisaidiana: kila mmoja hulinda upande ambao mwenzake haufikii.

Singependa msomaji adhani kwamba MM106 ni ushindi wa milele. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Afrika Kusini waligundua kwamba katika mashamba ya Western Cape, Northern Spy na mashina yaliyotokana nayo yalikuwa yakishambuliwa. Ukinzani wa Northern Spy unategemea jeni moja kubwa, ambayo wanasayansi wameiita Er1. Mdudu anayezaa bila dume, kwa mamilioni, akipata njia ya kupita mlango mmoja, ukoo wake wote unapita. Leo watafiti hutafuta jeni kutoka vyanzo vingine na kuziunganisha pamoja. Nililieleza hili kwa babu kwa mfano wa nyumba yenye kufuli moja, naye akaniuliza kwa nini basi Waingereza hawakuweka kufuli mbili tangu mwanzo. Nilimjibu kwamba mwaka 1917 ndiyo kwanza walikuwa wanajifunza kwamba kuna mlango.

Kuna somo lipi hapa kwetu tunaosoma historia? Tumezoea kueleza kuingia kwa mazao mapya Afrika kwa kutaja nani aliyeyaleta na mwaka gani. Maswali hayo ni ya lazima, lakini shamba la babu limenionyesha kwamba hayatoshi. Mche ulivuka bahari ukiwa na sehemu mbili, tukapokea jina la sehemu moja. Aliyeuza miche ya kwanza aliandika majina yote mawili bila kueleza maana yake. Aliyeuza ya pili hakuandika jina la shina kabisa, pengine kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Kati ya London na Kabale, maarifa yaliyokusanywa kwa miaka mingi, na kwa hasara ya wakulima wengi, yalipungua hadi herufi mbili na tarakimu tatu, kisha hadi kimya. Mdudu peke yake ndiye aliyeendelea kusoma kilichoandikwa kwenye mzizi.

Babu hakuifyeka mistari yote. Miti mitano ya juu iliyokuwa imechoka kabisa tuliing'oa, tukachoma mizizi yake. Iliyobaki anaisugua kwa brashi na maji ya sabuni, huku akiwaacha wale vidukari weusi wenye matundu, maana sasa anajua ni akina nani. Nafasi ya miti mitano ilibaki wazi, na kununua miche mingine si jambo rahisi mwaka huu.

Siku mbili kabla sijarudi chuoni tulipita mistari ya chini pamoja. Mti mmoja ulikuwa umetoa machipukizi mawili ardhini, chini ya mahali ulipobebeshwa. Babu akainua panga, kama afanyavyo kila msimu, ili ayakate na kuyatupa. Nikamshika mkono. Nikamkumbusha kwamba chipukizi la chini ya kiungo si Anna, ni shina lenyewe. Akayatazama kitambo. Kisha akaweka panga chini, akayarundikia udongo wenye unyevu ili yatoe mizizi, akachoma kijiti pembeni. Usiku aliniomba nimwandikie kwenye daftari lake la shamba, kwa herufi kubwa, MM106, na chini yake jina la East Malling, la Merton, na la yule mzee aliyechukua machipukizi ya mti uliokufa.